Plasta ya goti: bidhaa ndogo, ahadi kubwa

MIONGONI mwa bidhaa ndogo ambazo mwenye duka la vifaa vya afya anaweza kuzichukua Dar es Salaam na kuzipeleka Kibiti au Ikwiriri ni ile plasta ya rangi inayonyumbuka, ambayo wengi wameiona kwenye televisheni ikiwa imebandikwa magotini na mabegani mwa wanamichezo. Roli moja ni nyepesi, haichukui nafasi kwenye rafu, haihitaji jokofu, na kiwango cha faida kwa muuzaji wa rejareja kinaweza kuwa kikubwa kuliko cha pamba au bendeji ya kawaida. Kwa hesabu ya duka peke yake, ni bidhaa inayovutia.

Lakini hesabu ya duka ina upande wa pili, nao ni mteja. Siku hizi plasta hiyo hainunuliwi na wachezaji wa mpira tu. Inatafutwa pia na watu waliotoka kupasuliwa goti, ambao wameambiwa na jirani, au wamesoma kwenye simu, kwamba inaondoa uvimbe, inatia misuli nguvu na kumrudisha mtu kazini mapema. Kati ya ahadi hizo tatu, moja ina ukweli kidogo, moja haina ushahidi, na ya tatu ni ya hatari.

Katika wilaya za Kibiti na Rufiji goti ni mtaji. Mvuvi wa kaa huingia kwenye matope ya mikoko kwa miguu yake. Mnunuzi wa kamba hupanda na kushuka mashua mara kadhaa kwa siku, tena mara nyingi bila gati, maji yakiwa mapajani. Mkulima wa mpunga huinama, mwokotaji wa korosho huchuchumaa, na dereva wa bodaboda hushikilia uzito wa pikipiki na abiria wawili kwa mguu mmoja kila anaposimama. Watu hawa hawana mshahara wa siku za ugonjwa. Mmoja wao akilala miezi mitatu, kinacholiwa nyumbani ni fedha ya kununulia kaa wa msimu ujao au ya kulipia marejesho ya pikipiki. Mtu aliye katika hali hiyo ni mteja rahisi kwa kila anayemwahidi njia ya mkato.

Plasta yenyewe ni nini

Plasta hiyo ilibuniwa Japani katika miaka ya 1970 na Kenzo Kase, mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mikono. Ni kitambaa cha pamba chenye nyuzi za kunyumbuka, na upande mmoja kimepakwa gundi inayoshika vizuri zaidi ikipata joto la mwili. Hunyumbuka kwa urefu tu, si kwa upana, na unene wake ulikusudiwa ukaribie ule wa ngozi ili aliyebandikwa aisahau. Haina dawa ndani yake. Rangi nazo, ziwe buluu, nyeusi au waridi, ni rangi tu, na anayeuza nyekundu kwa maelezo kwamba ni ya maumivu makali anauza maneno.

Umaarufu wake ulikuja kwa njia ya matangazo zaidi kuliko hospitali. Kwenye Michezo ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 roli nyingi ziligawiwa bure kwa timu za nchi mbalimbali, na watazamaji wa dunia nzima wakaona mabega ya wanamichezo yamechorwa kwa plasta. Kwa mfanyabiashara hilo ni somo zuri la namna ya kufungua soko. Kwa mgonjwa halithibitishi lolote, kwa sababu mwanamichezo aliyeshinda akiwa na plasta huenda angeshinda bila ya kuwa nayo.

Maelezo ya watengenezaji ni kwamba plasta ikibandikwa ngozi ikiwa imevutwa, kisha mguu ukirudi katika hali ya kawaida, hufanya mikunjo midogo inayoinua ngozi, na nafasi inayopatikana chini yake hurahisisha maji ya uvimbe kuondoka. Maelezo hayo yanapendeza kuyasikiliza. Watafiti nao wameyapima.

Mwaka 2014 jarida la wataalamu wa fiziotherapia wa Australia lilichapisha mapitio ya majaribio 12 yaliyofanywa kwa wagonjwa wa maumivu ya goti, bega, shingo, mgongo na wayo. Jibu lilikuwa kwamba plasta hiyo haikuonyesha faida kuliko plasta ya kuigiza au matibabu mengine, na pale ilipoonyesha, faida ilikuwa ndogo mno kiasi kwamba mgonjwa asingeona tofauti katika maisha yake. Watafiti hao hawakuipendekeza.

Jaribio la Hong Kong la mwaka 2015 lina mafunzo zaidi kwa anayeshughulika na magoti. Watu 30 wenye afya walifungwa macho, wakaambiwa kwamba wanabandikwa vipimo vya misuli pajani. Kumbe zamu moja ilikuwa plasta hii iliyobandikwa kwa utaratibu wa kutia misuli nguvu, zamu nyingine plasta ya kuigiza, na zamu ya tatu hawakubandikwa kitu. Kisha nguvu zao za kunyoosha goti zikapimwa kwa mashine. Hakukuwa na tofauti. Mtu asipojua kwamba amebandikwa, paja lake halijui pia.

Kwa waliopasuliwa hasa, habari ni nzuri kidogo. Uchunguzi wa Lithuania uliochapishwa mwaka 2014, kwa wagonjwa waliowekewa goti bandia, ulionyesha kwamba waliobandikwa plasta pamoja na mazoezi ya kawaida walipata nafuu ya maumivu, na uvimbe wao ulipungua mapema kuliko wa wenzao. Majaribio mengine yaliyofuata yamekuwa na majibu yanayopishana, baadhi yakiona nafuu ndogo katika wiki za mwanzo na mengine yasione kitu. Tena ni vigumu kumficha mgonjwa kama amebandikwa au la, na mgonjwa anayeamini kuwa amepata kitu cha ziada huripoti maumivu kidogo. Kwa hiyo ahadi ya uvimbe ina ukweli kidogo, wa muda mfupi. Ahadi ya kutia misuli nguvu haina ushahidi wa kutegemewa.

Goti hurudi kwa kazi

Ahadi ya tatu, ya kurudi kazini mapema, ndiyo inayoweza kumgharimu mtu. Ili kuielewa inafaa kufuata safari ya goti lenyewe baada ya upasuaji.

Upasuaji mkubwa wa mifupa kwa mtu wa Kibiti mara nyingi humaanisha kwenda Dar es Salaam, ambako iko Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Tumbi, iko Kibaha, na mtu wa Kibiti humlazimu kulipita jiji ndipo aifikie. Wengi wa wanaopasuliwa ni vijana wa ajali za pikipiki, wengine ni wachezaji, na wengine ni wazee ambao gegedu la goti limelika. Hawa wote hawana ugonjwa mmoja wala muda mmoja wa kupona. Aliyekatwa kipande kidogo cha gegedu kwa matundu anaweza kuwa sawa baada ya wiki chache. Aliyeunganishwa ligamenti iliyokatika ndani ya goti huambiwa asirudi uwanjani kabla ya miezi tisa hivi. Aliyewekewa goti bandia huhitaji kama miezi mitatu ili afanye shughuli nyingi za kawaida, na goti huendelea kuwa bora hadi mwaka mzima. Aliyefungwa vyuma kwa mfupa uliovunjika hukatazwa hata kukanyagia mguu huo mpaka daktari aone kwenye picha kwamba mfupa umeanza kushika.

Mara baada ya upasuaji, jambo la ajabu hutokea: msuli mkubwa wa mbele ya paja hulala. Maumivu na maji yaliyojaa gotini huufanya ubongo uufunge msuli huo, na katika wiki mbili tu paja huonekana limepungua. Msuli huo ndio unaolishika goti mtu anapopanda ngazi au anaposhuka mashuani. Kuuamsha hakuhitaji vifaa vya fedha nyingi. Mgonjwa hukaa amenyoosha mguu kitandani au mkekani, akakaza paja kana kwamba anakandamiza goti chini, akahesabu hadi tano, akaachia. Hulala chali akavuta kisigino taratibu kuelekea makalioni, kisha akakirudisha. Huinua mguu mzima ukiwa umenyooka. Hufanya hivyo mara nyingi kwa siku, kila siku, hata siku ambayo hana hamu. Mazoezi mengine huongezwa na mtaalamu wa fiziotherapia kulingana na aina ya upasuaji.

Kipimo cha mwanzo ni goti kunyooka kabisa na kukunjika kufikia digrii 90, yaani pembe ya mtu aliyekaa kwenye kiti. Maisha ya pwani yanadai zaidi ya hapo. Choo cha kuchuchumaa, kula mkekani na kusujudu vyote huhitaji goti likunjike kupita digrii 110, na wengi wenye goti bandia hawafiki kwenye sijida kamili. Wanaosali husali wakiwa wamekaa kwenye kiti, jambo ambalo dini inaruhusu, na fundi seremala anaweza kutengeneza kiti cha chooni chenye tundu katikati kwa mbao za kawaida. Kiti hicho kina faida kwa goti kuliko roli nyingi za plasta, ingawa hakuna anayekitangaza.

Hapa ndipo hatari ya plasta ilipo. Haibebi uzito wa mwili. Haizuii goti kuteguka kama kifaa cha vyuma na mikanda kinavyozuia. Inachompa mtu ni hisia kwamba goti limeshikwa, na hisia hiyo, kwa mtu ambaye mkopo unamdai, inatosha kumrudisha kwenye bodaboda wiki ya nne badala ya mwezi wa nne. Ligamenti mpya ikikatika, au vyuma vikilegea, upasuaji wa pili ni mgumu na wa gharama kuliko wa kwanza. Kwa mvuvi wa kaa kuna la kuongezea. Matope ya delta yana vijidudu, na kidonda ambacho hakijafunga kikiingia humo kinaweza kutunga usaha hadi ndani ya kiungo. Goti bandia likipata maambukizi, huenda likalazimika kufunguliwa tena.

Anayetaka kuitumia

Yote hayo hayana maana kwamba plasta itupwe. Mgonjwa ambaye mtaalamu wake amekubali, mwenye uvimbe unaomkera, anaweza kuijaribu kwa wiki chache. Masharti yake ni machache. Haibandikwi juu ya kidonda, juu ya nyuzi wala juu ya ngozi yenye vipele. Ngozi huoshwa na kukaushwa, isipakwe mafuta, na nywele ndefu hupunguzwa. Ncha za plasta hukatwa kwa mviringo ili zisinaswe na nguo. Kwa ajili ya uvimbe, kipande hupasuliwa upande mmoja kuwa mikia minne au mitano kama vidole. Sehemu isiyopasuliwa huwekwa juu ya goti, upande wa paja, na mikia husambazwa juu ya uvimbe goti likiwa limekunjwa, bila kuvutwa ila kidogo sana. Ncha zenyewe hazivutwi kamwe, kwani hapo ndipo malengelenge hutokea. Baada ya kubandika, husuguliwa kwa kiganja ili gundi ipate joto, na mtu asubiri kama nusu saa kabla ya kutoka jasho. Ikiwasha, itolewe siku hiyohiyo, taratibu, kwa kulowesha na mafuta ya kula au sabuni.

Lipo jambo moja la kutolichezea. Ndama ya mguu ikivimba, ikauma na kuwa ya moto, au mtu akakosa pumzi ghafla, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Hapo si plasta wala kukanda, bali ni hospitali mara moja. Vivyo hivyo kwa homa na kidonda kinachotoa maji.

Sasa fedha. Roli ya kawaida ina upana wa sentimeta 5 na urefu wa meta 5. Goti moja la mtu mzima huchukua vipande vitatu, jumla sentimeta 80 hivi, kwa hiyo roli hutoa mabandiko sita. Bandiko moja hudumu siku tatu hadi tano. Kwa wastani wa siku nne, wiki sita za mwanzo zinahitaji mabandiko 11 hivi, sawa na roli mbili kwa ukaribu. Lakini hiyo ni hesabu ya kwenye boksi. Katika joto na unyevu wa delta, kwa mtu anayetoka jasho na kupitapita kwenye maji ya chumvi, bandiko likidumu siku mbili tu mahitaji hufika mabandiko 21, yaani roli nne. Kwa bei ya mfano ya shilingi 20,000 kwa roli, tofauti ni kati ya 40,000 na 80,000.

Fedha hiyo iwekwe kando ya matumizi mengine. Mgonjwa wa Mbuchi au Kiongoroni anayetakiwa kuonana na mtaalamu Dar es Salaam hulipa boti kwanza, kwa saa za maji yanavyoruhusu, kisha gari hadi Mbagala Rangi Tatu, kisha daladala, na mara nyingi hulipia pia msindikizaji. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia Rufiji na Kibiti, hata njia hizo ziliwashinda wengi. Ndiyo maana safari ya kurudi kwa mtaalamu ndiyo ya kwanza kukatwa nyumbani fedha zinapopungua, wakati ndiyo inayofaa kukatwa mwisho. Shilingi 80,000 zilizowekwa kwa ajili ya kuonana na mtaalamu, ambaye anapima goti kwa kipimo na kubadilisha mazoezi, zina kazi kubwa kuliko zilizobandikwa na kubanduka. Kwa asiye na uwezo wa kusafiri mara kwa mara, ni bora amwombe mtaalamu, kabla ya kuondoka wodini, amwandikie mazoezi ya wiki sita kwa mfululizo na amwonyeshe ndugu atakayemsimamia.

Kwa uvimbe wenyewe wapo washindani wa bei ndogo. Bendeji ya krepu hufuliwa na kutumika tena, mradi isikazwe mno. Kuinua mguu juu ya mito hakuna gharama. Barafu nayo, ambayo sehemu nyingine za vijijini ni adimu, Nyamisati na kwenye vituo vya samaki inapatikana kwa sababu ya biashara ya samaki na kamba. Itiwe kwenye mfuko wa plastiki usiovuja, izungushiwe kitambaa, iwekwe dakika 15 hadi 20. Barafu ya samaki si safi, hivyo maji yake yasifike kwenye kidonda.

Upande wa muuzaji

Mwenye duka anayefikiria kuiweka plasta hii asihesabu wagonjwa wa upasuaji kuwa ndio soko lake. Ni wachache, wanakuja mara moja, na wakikosa nafuu waliyoahidiwa hawarudi hata kununua pamba. Wanunuzi wa kudumu ni timu za mpira na vijana wa mazoezi, na hao hununua zaidi wakati wa ligi na mashindano ya mitaa. Kuanza na roli chache na kuona zinavyotoka ni busara kuliko kufunga mtaji kwenye katoni nzima kwa sababu mwuzaji wa jumla amepunguza bei. Mara nyingi punguzo kubwa maana yake tarehe ya mwisho ya matumizi iko karibu, na gundi iliyochakaa haishiki hata ngozi kavu.

Anayetaka kuagiza kutoka nje yuko katika hesabu nyingine. Vifaa tiba nchini vinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyochukua jina hilo mwaka 2019 badala ya TFDA, na kila mwagizaji anapaswa kuulizia hapo masharti ya usajili na kibali kabla hajatuma fedha kwa kiwanda. Mzigo ukizuiliwa bandarini kwa kukosa karatasi, gharama za kuhifadhi huanza kula faida kabla roli moja haijauzwa.

Kuna wanaokata roli na kuuza kipande kimoja kimoja, kama inavyouzwa sigara. Kwa mnunuzi wa kipato kidogo ni nafuu, na hakuna ubaya ikiwa mikono na mkasi ni safi na kipande kimeachwa kwenye karatasi yake ya nyuma. Ubaya ni kwamba maelezo ya matumizi hubaki kwenye boksi la duka. Muuzaji mwangalifu huyanakili kwa Kiswahili kwenye karatasi ndogo na kumpa mteja, pamoja na swali moja kwa yeyote mwenye kovu bichi gotini: daktari wake amesemaje kuhusu kukanyagia mguu huo.

Roli zihifadhiwe ndani ya pakiti, mbali na jua la mlangoni. Chini ya bati, katika duka lisilo na dari, rafu ya juu ndiyo yenye joto kali kuliko zote, na gundi iliyopata joto huko huanza kutoka pembeni ya roli na kunasa vumbi. Rafu ya chini, mahali pakavu, inafaa zaidi.